Vipini Vitano vya Ikwalaiza

Mimi ni Mwinjuma, mwana wa Rehani, mwana wa Mhina, mwana wa Mwinjuma wa kwanza ambaye jina lake ndilo nililopewa. Sisi ni Wazigua wa Kwedihombo, Handeni, na hatujawahi kuhama. Babu yangu Mhina ndiye aliyeitwa kila watu wawili walipogombania mpaka wa shamba. Aliutembea mpaka huo kwa miguu yake, akachomeka miti, na hakuna aliyethubutu kuing'oa. Baba yangu Rehani alikuwa mtunza amana. Wasafiri waliokwenda pwani walimwachia mbuzi na magunia ya mahindi, nao waliporudi, hata baada ya misimu miwili, walikuta mbuzi wameongezeka na magunia hayajafunguliwa. Mimi mwenyewe nilisoma katika shule ambayo mtoto aliamshwa kwa kengele, akaoga maji ya baridi, akasimama mstarini kabla jua halijachomoza, na mstari huo ulinyooshwa kwa kamba. Kisha nilifundisha miaka thelathini na mmoja, Korogwe na hapa nyumbani, na ishirini kati ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu.

Nimewatajia hao, wajukuu zangu, ili mjue kwamba jambo nitakalowasimulia lilimpata mtu aliyelelewa vyema. Halikumpata mzembe.

Mwaka wa 1980 nilikuwa nimekwisha kustaafu, na Halmashauri ya Kijiji ilinikabidhi Landrova. Gari hilo lilikuwa mali ya kijiji chetu chote cha ujamaa. Tulilinunua kwa mavuno ya pamba ya shamba la pamoja, likiwa bovu, tukalifufua. Lilibeba wagonjwa, lilibeba mbegu, na mara moja lilibeba maharusi pamoja na kitanda chao. Hata hivyo kazi yake kubwa ilikuwa matangazo: siku za chanjo, madarasa ya elimu ya watu wazima, mikutano ya kijiji. Dereva alikuwepo, lakini ufunguo niliutunza mimi, na matangazo niliyasoma mimi, kwa kuwa sauti yangu ilikuwa imezoea uwanja wa shule.

Vyombo vya sauti vya gari hilo vilitengenezwa na fundi redio wa Korogwe, kijana aitwaye Valerian. Baba yake, Bernardo, aliletwa kutoka kusini akiwa manamba wa kukata mkonge, akafia hukohuko shambani. Mama yake, Grasiana, alikuwa mpishi katika kambi ya wafanyakazi wa shamba hilo. Valerian alifanyia kazi barazani kwa muuza vitenge, na mvua ikinyesha alifunga virago. Hata hivyo mikono yake ilikuwa na akili. Redio ya kanda aliitoa katika gari lililopinduka. Amplifaya aliiunda mwenyewe ndani ya debe la biskuti. Nyuma ya viti aliweka spika mbili katika masanduku ya mninga, na juu ya paa spika mbili za honi zilizotazama mbele kama pembe za ng'ombe. Hapakuwa na gari jingine kama letu kutoka Handeni hadi Mombo.

Kasoro ilikuwa moja. Sauti ilikuwa kubwa, lakini maneno hayakuwa wazi. Wanawake wa Kabuku waliniambia bila kunionea haya: "Mwalimu, kwamba unasema tunajua. Unasema nini, hilo hatujui."

Siku moja Valerian alifika nyumbani kwangu amekumbatia kifurushi kilichofungwa kwa kanga ya mama yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umebeba mtoto?"

"Ni kama mtoto. Mjomba wangu aliye melini amenitumia." Alikifungua. Kilikuwa kisanduku cheusi cha chuma, chembamba, na usoni kilikuwa na vipini vidogo vitano vya kusogeza juu na chini. "Kinaitwa ikwalaiza. Chenyewe hakiimbi wala hakisemi. Sauti ya redio na ya maikrofoni inapita humu kabla ya kufika kwenye amplifaya, na kazi yake ni kuipanga."

"Sauti yangu haihitaji kupangwa," nilimwambia. "Imepangwa na walimu."

Mke wangu Mwantumu alikuwa anachambua choroko mlangoni. "Baba Tatu, mwache kijana aseme. Hiyo sauti yako iliyopangwa, juzi umetangaza chanjo ya watoto, bibi mmoja amemleta mbuzi."

Valerian alikuwa na adabu, hakucheka. Alichuchumaa, akanieleza kama mwanafunzi anayejibu swali analolijua. "Mwalimu, sauti ya mtu si kitu kimoja. Kuna sehemu nzito, inavuma kama pipa. Kuna sehemu ya katikati, humo ndimo maneno yanamokaa. Kuna sehemu nyembamba, kama ya mbu. Amplifaya yetu inakuza zote pamoja, na zile mbaya zinayafunika maneno. Hapa kila kipini kina sehemu yake. Inayosumbua unaishusha. Inayofaa unaipandisha."

Kisha akasema lililomleta. Wilaya ya Korogwe ilikuwa inatafuta fundi mmoja wa kutunza vyombo vya sauti katika magari yake yote ya matangazo. Ilikuwa kazi ya mshahara, yenye chumba cha kufanyia kazi chenye paa. Kila aliyeomba alitakiwa kuleta gari alilolitengeneza, nalo lingejaribiwa katika shamba la mkonge, karibu na korona, ile mitambo ya kusindika mkonge ambayo ngurumo zake huzima mazungumzo ya watu waliosimama bega kwa bega. Yeye hakuwa na gari. Gari lake la pekee lilikuwa Landrova yetu.

"Na usipoipata kazi?" nilimuuliza.

"Muuza vitenge anaitaka baraza yake mwisho wa mwezi. Nimekwenda kambini kuulizia kazi ya kukata mkonge." Alitazama chini. "Mama hajui."

Halmashauri ilikubali, na mimi niliunga mkono. Valerian alikuja kufunga chombo hicho, akaifanya kazi kutwa nzima. Alikifunga chini ya dashibodi kwa skrubu nne. Alikipa waya wake wa umeme kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake. Nyaya za sauti alizipitisha upande wa kushoto, mbali na nyaya za plagi, akanieleza kwamba zikikaribiana, injini huingia katika spika ikalia kama inzi ndani ya chupa. Mimi nilimwamuru seremala atengeneze kifuniko cha mninga chenye kufuli ili watoto wasikichezee. Ufunguo wa kufuli hilo niliuweka mfukoni mwangu pamoja na ule wa gari.

Jioni tulijaribu uwanjani. Valerian alisogeza kipini kimoja kimoja, akitoka mbio hadi kwenye mwembe wa mwisho kusikiliza na kurudi mbio. Alipomaliza, Mwantumu alisikia kila neno akiwa kisimani, na wimbo wa kanda ulitoka safi kana kwamba wapigaji wamekaa kwenye kofia ya injini. Watu walicheza mpaka magharibi. Nami nilitazama vile vipini. Cha kwanza kilikuwa chini kabisa, cha pili nusu, cha tatu na cha nne juu, cha tano chini tena. Vilikuwa kama meno ya mzee.

Asubuhi iliyofuata nililikagua gari kama nilivyokuwa nikifanya kila siku: magurudumu, mafuta, maji, vumbi. Nilifungua kile kifuniko ili nifute vumbi, nikaviona tena vile vipini vimetapakaa, kimoja huku, kingine kule. Nilisikitika. Niliona kwamba kijana ni hodari lakini hakufundishwa kumaliza kazi. Nilitoa rula niliyoibeba kila siku katika mfuko wa shati, nikavisukuma vyote hadi juu, vikasimama katika mstari mmoja ulionyooka kama darasa la saba siku ya ukaguzi. Kisha nikafunga kufuli, na moyo wangu ukatulia.

Sikumwambia mtu. Mwalimu mkuu akikuta kiti kimepinda hukinyoosha, hatangazi.

Juma lililofuata tulikwenda Kabuku, Valerian akiwa nasi. Nilisoma tangazo langu la kwanza, na watu wakaziba masikio. Mimi, niliyekuwa nimeketi ndani na honi zikitazama mbele, sikuona tofauti. Valerian aliniomba ufunguo, akafungua, akavikagua vipini.

"Vimehama," alisema.

"Barabara hii ni mbovu," nilimjibu, na niliamini nilichosema. Nilidhani mtikisiko umeviharibia mstari niliouweka. Yeye alidhani mtikisiko umemharibia kazi yake. Akavirudisha alivyotaka, nami sikutazama. Nilikuwa naipanga karatasi ya tangazo la pili. Tangazo hilo lilisikika vizuri, nikajipongeza kwa matamshi.

Kesho yake asubuhi nilivikuta vimepinda tena. Nikavinyoosha.

Hali ilikwenda hivyo mara tatu. Valerian alianza kukonda. Alikaza skrubu, akaweka mpira wa tairi chini ya chombo kupunguza mtikisiko, akakifunua na kukipuliza ndani. Mwantumu aliniambia, "Yule mtoto wa watu anaongea peke yake nyuma ya gari." Nilimjibu kwamba kila fundi huongea peke yake. Ningeweza kumuuliza kijana neno moja tu, kwa nini vipini vinakaa hivi. Sikumuuliza, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja mimi ndiye niliyekuwa nauliza maswali ambayo majibu yake nayajua.

Jaribio lilipangwa Jumamosi. Tuliondoka Ijumaa ili tuwahi kurudi Jumamosi hiyohiyo, kwa kuwa siku zile Jumapili alasiri magari hayakuruhusiwa barabarani, nasi hatukutaka kukamatwa njiani na Landrova ya kijiji. Tulipita Segera, tukafika shambani alasiri, korona ikiwa bado inanguruma. Valerian aliwasha vyombo papo hapo na kuvipanga dhidi ya ngurumo zile mpaka honi ya kumaliza kazi ilipolia. Alichoka, lakini alikuwa anatabasamu.

Grasiana alitupokea kambini kwa wali na maharagwe ya nazi. Alikuwa mama mwembamba, mwenye mikono ya mtu aliyekoroga masufuria makubwa maisha yake yote.

"Mwalimu, kula. Kesho unasoma wewe?"

"Nasoma mimi."

"Basi soma taratibu. Wewe ukianza kutangaza unakwenda kama unadaiwa." Watu wa kambini walicheka. Kisha akaniegemea akashusha sauti. "Nimesikia aliulizia kazi ya panga. Anadhani sijui, na mimi ndiye ninayempikia mnyapara. Baba yake alikata mkonge mpaka akazikwa kando yake. Huyu sikumzaa kwa ajili hiyo. Kesho ikiharibika, Jumatatu ataamka saa kumi na kuchukua panga, na mimi ndiye nitakayemfungia chakula."

"Haitaharibika," nilimwambia. "Gari nalikagua mimi."

Na kweli nililikagua. Baada ya sala ya alfajiri nilifuta vumbi lote la njiani, nikapaka mafuta ya nazi masanduku ya spika yakang'aa. Nikafungua kifuniko. Mnajua nilichokiona, na mnajua nilichokifanya. Siku hiyo nilikifanya kwa uangalifu zaidi kuliko siku zote, kwa sababu ilikuwa siku ya mgeni. Nikafunga kufuli.

Saa tatu alifika Bwana Hiza, ofisa wa wilaya, mzaliwa wa Vugiri. Nilimfundisha darasa la sita. Aliponiona alisimama wima kabla hajakumbuka kwamba yeye sasa ndiye mkubwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Hiza. Naona kola yako imenyooka."

"Ningethubutu kuja kwako imepinda?"

Utaratibu ulikuwa huu. Mimi nilibaki garini na maikrofoni. Bwana Hiza na Valerian walikwenda kusimama upande wa pili, hatua mia mbili, kando ya korona inayonguruma. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga njia nzima, wanawake wa kuanika nyuzi wengine karibu na gari, wengine mbali kupita korona. Valerian alipopunga kitambaa, nilifungua mdomo niseme "Ndugu wananchi."

Sijawahi kusikia kilio kama kile. Honi zilipiga mluzi mkali uliopasua anga, mbwa wa kambini wakakimbilia mkongeni, na nilipopaza sauti ili niushinde, nyuma ya mluzi ukaja mvumo mzito uliotikisa mabati ya bohari. Nilisoma tangazo lote hadi mwisho, kwa kuwa sikuzoea kuacha kazi nusu. Nilipomaliza wanawake walikuwa wamekaa chini kwa kicheko.

"Mwalimu," mmoja alisema, "kama ni ndege ya vita tuambie tuingie shimoni."

Valerian alikuja anakimbia. Nyuma yake Bwana Hiza alikuja polepole, akiandika. Nilimpa kijana ufunguo, akafungua kifuniko, nami kwa mara ya kwanza nikautazama uso wake badala ya vipini. Gari halikuwa limetembea tangu jana, na safari hii aliona mstari mzima. Mtikisiko wa barabara unaweza kusogeza kitu, lakini hauwezi kukipanga. Macho yake yalitoka kwenye mstari ule, yakapanda hadi kwenye mfuko wa shati langu, yakatua juu ya rula. Akaelewa yote, na kwa kuwa nilimwona akielewa, nikaelewa na mimi.

"Fundi, kuna nini?" Bwana Hiza aliuliza.

Valerian aliinamisha kichwa. "Ni kosa langu, bwana. Sikuvikaza vizuri. Barabara imevisogeza."

Aliusema uongo huo kwa heshima kubwa, mbele ya mama yake aliyekuwa amesimama na mwiko mkononi, huku akijua Jumatatu itakuwa na nini. Hakutaka mzee aaibike mbele ya mwanafunzi wake. Bwana Hiza alitikisa kichwa kwa huruma. "Basi nimesikia. Kama barabara inaviharibu, magari yangu yote yanapita barabara hizihizi." Akaweka kalamu mfukoni.

Nawaambia ukweli: nilishawishika kuliacha lipite hivyo. Hakuna aliyejua isipokuwa yule kijana, naye asingesema kamwe. Ningeweza kuondoka shambani pale na jina langu zima.

"Valerian," nilisema, "virudishe unavyojua wewe."

"Mwalimu, amekwisha kuandika."

"Virudishe."

Alivisogeza kimoja kimoja, kwa kumbukumbu ya vidole tu. Nikachukua maikrofoni, nikamwomba Bwana Hiza arudi kule korona, hatua zake mia mbili, kwa hisani ya darasa la sita. Alisita, akaenda. Alipofika nilisema hivi, taratibu kama nilivyoshauriwa:

"Ndugu wananchi. Mimi ni Mwinjuma Rehani, mwalimu mkuu mstaafu. Chombo hiki kilipangwa vizuri na fundi wake jana jioni. Leo asubuhi mimi nilikifungua, nikavipanga vipini vyake katika mstari mmoja kwa rula, kwa kuwa niliona vimepinda. Nimefanya hivyo mara nne. Sikumuuliza mwenye kazi. Barabara haina kosa, na fundi hana kosa. Kosa ni langu."

Sauti ilitoka wazi na kavu, haina mluzi wala mvumo. Ilipita juu ya ngurumo za korona kama mtu anayepita juu ya daraja. Najua ilifika, kwa sababu wale wanawake wa mwisho kabisa, walio mbali kuliko Bwana Hiza, walianza kupiga vigelegele, na mmoja wa walio karibu nami akaita, "Kwa rula, mwalimu?" Kicheko kikaja kikitembea kutoka kule korona hadi garini, mtu kwa mtu, kikanifikia nami nikacheka. Mwantumu, nilipomsimulia, alisema ilikuwa mara ya pili tangu nimwoe.

Bwana Hiza alirudi anafuta macho kwa leso. "Mwalimu, nimesikia kila neno. Hata yale ambayo mwanafunzi hapaswi kuyasikia." Alitoa daftari lake, akakata alichoandika, akaandika upya, akamwonyesha Valerian. Kijana alisoma mara mbili kwamba kazi ni yake. Kisha akampelekea mama yake, ambaye hakujua kusoma, akamsomea.

Grasiana alinijia na ule mwiko. Nilidhani atanipiga, na ningestahili.

"Mwalimu," alisema, "wali umebaki. Na hiyo rula niachie, nina mlango wa kabati unaogonga, nitaukazia."

Nilimpa.

Kabla hatujaondoka nilimwita Valerian kando, nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza tangu siku ya kwanza, kwa nini kipini cha kwanza kinakaa chini kabisa. Alinieleza kwa saa nzima, huku akichora kwa kijiti mavumbini, na alipomaliza akanipa mtihani. Nilikosa maswali mawili.

Sasa nyinyi, wajukuu wa Rehani na Mhina, wekeni chini mnavyovishika na mnitazame. Mnapoingia mahali penye kazi ya mtu, ulizeni kabla ya kugusa, hata kama aliyeifanya ni mdogo kwenu na hana cheo. Mkikosea, semeni mmekosea siku hiyohiyo, mahali palepale, kwa sauti ya kumfikia aliyesimama mbali kuliko wote, kabla mtu mwingine hajaanza kulilipia kosa lenu. Sisemi haya kuwafurahisha. Nataka kila mmoja wenu, mmoja baada ya mwingine, anijibu kwamba amesikia, na aanze mkubwa.